Ambulensi ilimfikia mjomba baada ya dakika 41, ripoti ikaandika 17. Tuzungumze hizi dakika zinaishia wapi

#1 (mwenye uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nauachia tu liwalo na liwe. Ni mrefu, mwenye haraka ausevu atausoma akitulia.

Miezi saba iliyopita mjomba wangu alikuwa sebuleni kwake, tumekaa naye tunapiga stori za kawaida, saa nne usiku na dakika kama kumi hivi. Akanyamaza katikati ya sentensi, kichwa kikaegemea nyuma kwenye kochi, afu akaanza kukoroma. Mkewe akasema huyu kachoka tangu asubuhi, mwacheni alale. Na sisi tukamwacha kweli, manake mtu anayekoroma nani anamhofia, amelala si ndio. Tukaendelea kuongea kwa sauti ya chini tusimwamshe. Hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Kilichotushtua ni kwamba ile koroma ilikuwa haina mpangilio, inakuja moja nzito, afu kimya kirefu, afu nyingine. Nikamtikisa hataki, midomo imeshaanza kubadilika rangi. Nikapiga namba ya dharura, simu ikaita ikakata. Nikapiga tena, ikapokelewa saa 4:16, hiyo ninayo kwenye simu yangu. Nikaulizwa mko wapi, nikaeleza, nikarudia kueleza, nikaulizwa anapumua, nikasema ndio anapumua, anakoroma. Nikaambiwa sawa gari linakuja, kaeni mkao wa kusubiri. Simu ikakatwa.

Tukasubiri. Mimi nilitoka mpaka barabarani na tochi ya simu kila gari likipita nainyanyua. Ndani wanamwagia maji usoni, wanamfungulia vifungo, wanamwita jina. Walifika kando yake saa 4:57. Vijana wa watu walihangaika naye sana, sitawasema vibaya hata kidogo, ila mjomba alikuwa ameshaondoka.

Sasa ndugu zangu, baada ya msiba nilifuatilia maandishi yao nione nini kilitokea. Ripoti inasema muda wa kufika ulikuwa dakika 17. Nikadhani wamekosea mtu, nikawarudia, kumbe hawajakosea na wala hawajadanganya kwa vipimo vyao. Saa yao ilianza kuhesabu 4:38, gari lilipopatikana likapangiwa safari, na ikasimama 4:55 gari lilipozima injini nje ya nyumba. Zile dakika 22 nilizokuwa kwenye foleni bila kujua kama niko kwenye foleni hazimo. Zile 2 za kushusha vifaa na kutafuta mlango hazimo. Na zile kama 6 tangu alipoanza kukoroma mpaka simu ipokelewe, hizo hakuna hata mtu anayezihesabu. Kwa hiyo mjomba alikaa dakika kama 47 na kwenye karatasi ni 17.

Jina la huduma silitaji hapa na naomba msiniulize, siyo lengo. Nataka tujue hizi dakika zinapotelea wapi, na ipi ni ya kumdai nani. Kama kuna watu wa hospitali, madereva, waliowahi kupokea simu hizi, jamani tusaidieni.

#2

Pole sana mkuu. Mimi ni nesi, miaka kadhaa niko kitengo cha dharura, na stori yako nimeisikia kwa midomo tofauti mara nyingi mno, inatofautiana majina tu.

Naomba nieleze ile koroma kwa sababu kuna watu wataisoma leo na wataisikia kwao kesho. Moyo ukisimama ghafla, ubongo wa chini kabisa unaendelea kutuma amri za pumzi kwa muda mfupi. Kinachotoka siyo kupumua. Ni kuhema kwa kukoroma, au kama mtu anatweta, au kama samaki aliyetolewa majini, inakuja moja moja na mapengo marefu katikati. Inatokea kwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 ambao moyo umesimama, kwa hiyo siyo kitu adimu. Sisi kwa Kiswahili chetu tukiiona hali hiyo tunasema anakata roho, tunaanza kulia au kumsomea dua. Wengine ndo kama nyie mnadhani kalala.

Na uchungu wake ni huu: huo ndo wakati ambao mtu bado anaokoleka kuliko wakati mwingine wowote utakaofuata. Anayetoa zile pumzi ubongo wake bado una kitu. Kinachotakiwa ni mikono kifuani saa hiyo hiyo. Ubongo usipopata damu, kuanzia kama dakika ya nne unaanza kuumia vibaya, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo, uwezekano wa kupona unashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Piga hesabu mwenyewe, dakika kumi tu zimeshakula karibu kila kitu.

Kwa hiyo hata ambulensi nzuri kabisa ya dakika 12 ingemkuta mjomba wako akiwa katika hali mbaya sana kama hakuna aliyemgusa kifua. Sisemi hivi kuwatetea waliochelewa, 41 ni aibu. Na usijilaumu kaka, ulijibu ulichokiona. Aliyekuuliza ndiye aliyetakiwa akuulize vizuri.

#3

Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Kwa nini wanauliza maswali mengi hivyo? Mtu anakufa wewe unauliza ana miaka mingapi, ana ugonjwa gani, ameanza lini. Si watume gari kwanza maswali baadaye?

#4

@3 nimewahi kukaa kwenye kile kiti cha kupokea simu kwa miaka minne, ngoja nikujibu.

Kwenye mfumo uliopangwa vizuri maswali hayacheleweshi gari. Ukishajua mahali na ukishasikia hajitambui, unabonyeza, mwenzako pembeni anatuma gari wakati wewe unaendelea kuongea na mpigaji. Tatizo ni pale ambapo anayepokea ndo huyo huyo anayetuma, yuko peke yake usiku na simu tano zinalia. Hapo kila swali linakula muda wa gari kweli.

Pili, magari ni machache kuliko simu, siku zote, popote pale. Usipouliza utatuma gari la mwisho ulilonalo kwa mtu aliyeteguka kifundo, halafu dakika mbili baadaye anapiga mtu ambaye mkewe hapumui na huna cha kumtumia. Nimeishi hiyo hali. Huwezi kuisahau sauti ya mtu unayemwambia gari liko njiani wakati unaona kwenye skrini kwamba hakuna gari.

Ila nikiusoma uzi huu, kosa kubwa naliona kwenye lile swali la "anapumua?" Hilo swali peke yake ni baya. Kila mtu atajibu ndio, kwa sababu kifua kimecheza au sauti imetoka. Swali linalotakiwa ni mawili tu: je, anaamka ukimtikisa? Na je, anapumua KAWAIDA? Majibu yakiwa hapana na hapana, umemaliza, moyo umesimama mpaka ithibitike vingine, unaanza kumwelekeza mpigaji akandamize kifua na hukati simu. Ukiwa na wasiwasi unamwambia niambie kila anapovuta pumzi, sema "sasa", ukihesabu unaona mapengo ni marefu. Mkuu aliposema "anakoroma" hilo neno lenyewe lilitosha kumfanya mpokeaji ashtuke.

Na kukata simu... jamani. Mpigaji ndiye mhudumu pekee aliyepo pale. Ukimkatia simu umemwondoa mhudumu.

#5 (mwenye uzi)

Asanteni sana. @2 nimesoma maelezo yako mara mbili nikaenda nje kidogo kupunga upepo nikarudi.

Niongezee kuhusu hii biashara ya saa kuanza wapi, manake nimeifuatilia sana miezi hii. Mtasikia nchi nyingi wanataja dakika 8 kama ndo kipimo cha ambulensi nzuri. Hiyo 8 ina historia yake. Kando ya Seattle kule Marekani, mwaka 1979, daktari Mickey Eisenberg na wenzake waliangalia watu ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali, wakaona waliopona wengi ni wale waliokandamizwa kifua ndani ya dakika 4 NA wakapata huduma kamili ndani ya dakika 8. Zilikuwa namba mbili zinazotembea pamoja. Dunia ikachukua ile 8 ikaibandika ukutani, ile 4 ikasahaulika, na ile 4 ndo ilikuwa ya watu wa nyumbani na mtu wa simu. Mimi hili liliniuma kuliko lile la gari.

Halafu angalieni kipimo kinavyoweza kuharibu kazi yenyewe. Uingereza walikaa na dakika 8 kwa miaka mingi, ikafika mahali wanatuma pikipiki au gari dogo lisiloweza kubeba mgonjwa ili mradi saa isimame, au wanatuma magari mawili matatu kwa mtu mmoja waone lipi litawahi, afu mtu wa kiharusi anakaa chini anasubiri gari la kumbeba. Mwaka 2017 England wakabadilisha, wakagawa simu kwa makundi: wale ambao uhai unatoka saa hiyo wafikiwe kwa wastani wa dakika 7, na 9 kati ya 10 wasizidi dakika 15. Kundi la pili, kiharusi na maumivu ya kifua mle, wastani wa dakika 18. Nikaona hiyo angalau ina akili. Lakini Desemba 2022 hilo kundi la pili lilifika wastani wa zaidi ya saa moja na nusu. Wastani! Manake kuna waliosubiri zaidi ya hapo, na hiyo ni nchi ambayo namba ya dharura ya 999 wanayo tangu 1937.

Kwa hiyo siyo suala la umaskini tu wala teknolojia tu. Nataka mtu wa gari atuambie, yule wa barabarani.

#6

Haya mie wa barabarani nimefika. Dereva, miaka tisa kwenye ambulensi. Pole kwa msiba mkuu.

Watu wengi wanadhani tunachelewa kwa sababu ya foleni ya magari barabarani au tunaendesha pole pole. Foleni ipo, sikatai. Ila king'ora watu wanakipa sifa zisizo zake, tafiti zilizopima zimekuta kinaokoa dakika chache tu, mara nyingi chini ya nne, na kinaleta ajali. Muda wetu mkubwa hauishii barabarani unaishia hospitalini. Nimempeleka mgonjwa, mapokezi wamejaa, kitanda hakuna, naambiwa subiri. Siwezi kumshusha kwa sababu atawekwa wapi, machela yangu ndo kitanda chake kwa wakati huo. Gari langu ni zima, mafuta yamo, dereva nipo, mhudumu yupo, ila machela iko chini ya mgonjwa kwenye korido. Naweza kukaa hivyo saa mbili, saa tatu. Na redio inaita, inaita, nasikia anwani iko dakika sita kutoka nilipo na siwezi kwenda. Sasa wewe mpigaji wa huko unaambiwa gari hakuna, unadhani tumelala.

Kwa hiyo mkiona ambulensi nne zimepaki nje ya hospitali msifikiri zimepumzika. Ukinunua magari kumi mapya bila kuongeza vitanda na wauguzi wa kupokea, umeongeza foleni ya magari kumi pale mlangoni tu. Nawaambia kabisa, mtu akija na mpango wa ambulensi muulizeni kwanza wodi zinaruhusu wagonjwa kwenda nyumbani saa ngapi asubuhi. Kitanda cha wodini kisipotoka mtu, cha mapokezi hakipati nafasi, na mimi siondoki.

Lingine ni kutafuta nyumba. Usiku, hakuna namba, geti limefungwa, mtu anasema "nyumba ya kona". Kona ya wapi? Na jengo refu, tumefika chini ndani ya dakika tisa saa imesimama kwenye karatasi, lifti haifanyi kazi, ghorofa ya saba na vifaa mgongoni. Tumemfikia mgonjwa dakika ya kumi na tano. Hizo sita hazipo popote, kama alivyosema mkuu. Mkipiga simu, mtu mmoja akae na mgonjwa, mwingine atoke nje asimame barabarani, washeni taa zote, fungeni mbwa, fungueni geti, shikilieni lifti. Mwenye uzi ulifanya vizuri kutoka na tochi.

Na mwisho, mkituona tumechelewa mkitupiga ngumi mlangoni, tunaelewa uchungu, lakini yule mgonjwa anapoteza dakika nyingine mbili za mimi kujikinga. Imenitokea.

#7

Mimi nasomaga tu humu sichangiagi ila huu uzi umenifikisha. Wote mmeongea kuhusu moyo. Mimi niliyekuwa navuja damu niko hapa naandika.

Nilijifungua vizuri nyumbani kabla hata hatujajiandaa kutoka, mtoto alikuja haraka. Damu ikaendelea. Mama mkwe akasema ni kawaida, kila mwanamke anatoka damu. Nguo ya kwanza ikalowa, ya pili, ya tatu. Mume wangu anataka kupiga simu anaambiwa asihangaishe watu. Nusu saa ikaisha kwenye mjadala. Afu simu, afu kusubiri dakika 50, afu hospitali tukafika damu ya kuniongezea ikaanza kutafutwa. Nilikuwa nasikia kila kitu kwa mbali kama watu wako chumba cha pili.

Baadaye mkunga mmoja akanielezea kwamba hii ina jina kabisa, ucheleweshaji wa aina tatu, watafiti Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mimi nilipitia zote tatu kwa usiku mmoja. Na damu ya baada ya kujifungua inaweza kumaliza mtu ndani ya saa mbili. Kwa hiyo nusu saa ya "ni kawaida" ilikuwa robo ya maisha yangu yote yaliyobaki, ndo navyoihesabu mimi.

Naomba wanaume mlioko humu na mama zetu mlioko humu: hakuna anayeadhibiwa kwa kupiga simu mapema. Mama akilowesha nguo ya pili, piga. Ukiona kizunguzungu au anaongea vitu havieleweki, ulishachelewa, piga sasa hivi.

#8 (mwenye uzi)

Dada @7 nimeguswa sana, asante kwa kuandika, na nashukuru Mungu uko nasi.

Nimekuja na kitu kimoja ambacho kimenipa nguvu. Mnajua nimekuwa natafuta je kuna mahali popote walipoziokoa zile dakika za mwanzo? Wapo. Denmark, mwaka 2001, kati ya watu ambao moyo ulisimama nje ya hospitali, waliokandamizwa kifua na mtu aliyekuwepo pale walikuwa asilimia 21 tu. Wakaingiza mafunzo shuleni 2005, mwaka uliofuata ukitaka leseni ya udereva lazima upite mafunzo, mashine za kushtua moyo zikasambazwa. Kufika 2010 ilikuwa karibu asilimia 45. Na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakatoka asilimia 3.5 wakafika 10.8. Mara tatu, jamani. Huduma za hospitali nazo ziliboreka katika miaka hiyo kwa hiyo siwezi kusema ni mikono ya watu tu, ila mikono ya watu imo.

Stockholm wakafanya lingine, mtu akipiga simu ya dharura, watu waliojiandikisha ambao wako mita 500 kutoka pale wanapata ujumbe kwenye simu zao, wanakimbia. Utafiti wao ulitoka 2015, waliokandamizwa kifua kabla gari halijafika walipanda kutoka 48 mpaka 62 kati ya kila 100. Na kule Marekani kwenye kasino, walinzi tu wa kawaida walifundishwa kutumia ile mashine ya kushtua moyo, AED, waliowahiwa ndani ya dakika 3 tangu kuanguka walipona asilimia 74. Mlinzi! Siyo daktari. Kwa sababu mlinzi alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Hii haimaanishi tuwaachie wenye ambulensi waendelee kulala. Nawadai waanze kuhesabu kuanzia simu inapoita, na wasimamishe saa wakimgusa mgonjwa, na waandike muda wa foleni wazi. Lakini hata wakifanya yote hayo, dakika nne za kwanza gari haliwezi kuzifikia, labda liwe limepaki uani kwako.

#9

Samahanini, mimi naogopa. Kama hajasimama moyo nikamkandamiza si nitamuua? Na nikimvunja mbavu?

#10

@9 nesi tena. Swali zuri na ndo linawafanya watu wasimame pembeni.

Mbavu zinaweza kuvunjika, ndio, hata mikononi mwetu zinavunjika. Zinapona. Madhara makubwa kwa mtu ambaye ilikuja kugundulika moyo wake haukuwa umesimama ni nadra, kwanza akikusukuma mkono au akiongea umeshajua yupo. Wakati mwenye moyo uliosimama usipomgusa tunajua mwisho wake.

Mlaze chali chini, sakafuni, siyo kitandani wala kwenye kochi manake godoro ndo litabonyea badala ya kifua. Piga magoti pembeni yake. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vinyooke, tumia uzito wa mwili siyo nguvu za mikono. Bonyeza kina cha sentimita 5 mpaka 6, achia kifua kirudi juu chote, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, hiyo ni kama mara mbili kila sekunde. Simu iko laudispika sakafuni. Mkiwa wawili pokezaneni kila dakika mbili kwa sababu utachoka haraka kuliko unavyofikiri, na aliyechoka anabonyeza juu juu bila kujijua. Hujafundishwa kupuliza mdomoni? Usipulize, bonyeza tu. Isipokuwa mtoto au mtu aliyezama majini, hao tatizo limeanzia kwenye hewa, pumzi zinahitajika sana, anayejua kupuliza apulize, bonyeza 30 kwa pumzi 2.

Usisimame kwa sababu ameguna pumzi moja. Simama akifungua macho, au akianza kupumua kawaida, au wenye gari wakikuambia toka.

Na maji usoni hayasaidii, kumnusisha vitu hakusaidii. Ni mikono.

#11

Kuna kitu hamjagusa. Gari likisemekana litachelewa, nimpakie kwenye gari langu au nisubiri? Hapa ndo watu wanagombana kila siku.

#12

@11 wa simu tena (#4). Inategemea nini kimemkuta, na hapa naomba usome mpaka mwisho usichukue nusu.

Moyo umesimama: usimpakie. Kwenye siti ya nyuma hakuna anayeweza kukandamiza kifua ikawa na maana, utafika na maiti. Baki chini, bonyeza, tuma watu watafute mashine ya AED kama iko jengo la karibu.

Damu inatoka nyingi kwenye jeraha: bonyeza kwa kitambaa kwa nguvu zote usiachie kuchungulia, ukiwa mguu au mkono na haiishi, funga juu ya jeraha kwa kitu kipana ukaze mpaka ikate, andika saa uliyofunga. Huyu gari likiwa mbali, kumpeleka mwenyewe huku mtu anabonyeza inaweza kuwa uamuzi sahihi. Philadelphia polisi wenyewe wanawabeba waliopigwa risasi au kuchomwa visu wanakimbiza hospitali, na utafiti uliotoka 2014 ulikuta vifo havikutofautiana sana na waliobebwa na ambulensi. Ila aliyeanguka kutoka juu au ajali ya gari, shingo na mgongo hapo ni hatari, uliza kwanza kwenye simu.

Kiharusi: uso umeshuka upande mmoja, mkono unadondoka, maneno yanapotea. Hapa kila dakika ubongo unapoteza seli milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kuanza, kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa ni "mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Liandike hata mkononi. Na ukimpeleka mwenyewe, hakikisha unakokwenda wana kipimo cha CT, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, manake kufika haraka mahali pasipo na kipimo ni kuanza safari upya.

Na kwa vyovyote vile piga simu kwanza. Sema MAHALI kabla ya kitu chochote, simu ikikatika angalau wanajua pa kuja. Usikate mpaka uambiwe kata. Wakitaka kukukatia na mgonjwa hajitambui, waambie "nielekezeni kukandamiza kifua". Hilo sentensi moja linamwamsha hata aliyechoka.

#13

Mwenye uzi, ile rekodi ya simu yako uliiomba? Sehemu nyingi wanarekodi, ulizia kama ndugu wanaruhusiwa kuisikiliza.

#14 (mwenye uzi)

@13 niliomba kwa barua, ilichukua muda, nimeisikiliza wiki iliyopita kwenye ofisi yao, nimevaa hedifoni, mama mmoja wa pale alinishika bega.

Simu nzima ni dakika moja na sekunde 52. Najisikia naeleza njia mara mbili. Nyuma yangu mkewe anamwita jina. Na mjomba anasikika. Mara nne. Niliomba warudie nikahesabu kwa saa ya ukutani, kati ya ya kwanza na ya pili ni sekunde 14, ya pili na ya tatu 19, ya tatu na ya nne 26. Mtu wa simu ananiuliza anapumua, na mimi kabla sijajibu ile koroma ya tatu inatoka, ndo nasema ndio anapumua, anakoroma.

Yule aliyepokea simu walinikutanisha naye, nilitaka mimi. Ni binti mdogo, usiku ule alikuwa peke yake. Alilia. Kwenye kadi yake ya maswali lilikuwa limeandikwa "anapumua?" tu, nimeiona kwa macho yangu. Nikawaachia barua ya pili, nimeomba mambo mawili, waongeze neno KAWAIDA kwenye ile kadi, na wasimkatie simu mtu mwenye mgonjwa asiyejitambua. La kadi wameshalibadilisha, walinitumia picha juzi. La simu wanasema mpaka wapate mtu wa pili wa zamu ya usiku, na hilo nalifuatilia, nimeshapewa tarehe ya kikao.

Hapa nyumbani Jumamosi tumemwita mkufunzi, tuko watu 11, shangazi zangu wawili wamo na mke wa mjomba amesema atakuja. @2 kama una muda nitakutumia ujumbe pembeni, kuna maswali kuhusu watoto.

#15

Nitumie mkuu. Na huyo mjane wake mwekeni karibu na mlango, akihitaji kutoka atoke, asilazimishwe kumaliza.